Waya wa klachi unakatikia kwenye leva kila mara. Naubadilishaje mwenyewe nyumbani?

njiapanda_kilosa
Habari za jioni wakuu. Pikipiki ni 125 ya Kichina, injini ya mtindo wa Honda CG, kazi yake abiria na magunia kwenye barabara ya vumbi. Waya wa klachi umekatika juu, pale pale kidonge (kile kichwa cha chuma cha ncha ya waya) kinapokaa ndani ya leva. Huu ni wa pili ndani ya miezi mitatu. Mpya ninao. Vifaa: spana namba 10, 12 na 14, plaizi, bisibisi bapa.

Naomba kujua naanza kufungua juu au chini, waya mpya unatiwa oili au grisi, na plei ya leva (ule ulegevu kabla waya haujaanza kuvuta) iwe kiasi gani, maana mmoja anasema vidole viwili, mwingine anasema isiwepo kabisa. Na kwa nini unakatikia pale pale? Fundi wa karibu yuko kilomita 30, kwa hiyo jibu la "peleka kwa fundi" naomba tuliruke.

spana_kumi
Mkuu, usianze na spana. Laza waya mpya na wa zamani sakafuni, sambamba. Wa zamani umekatika, kwa hiyo chomoa kile kipande chenye kidonge kilichobaki kwenye leva, ukiweke mahali pake ndipo ulinganishe. Angalia urefu wa ganda, yaani mrija wa nje, kisha vuta kidonge cha upande mmoja mpaka kigote kwenye ganda, uone waya wa ndani umebaki nje kiasi gani upande wa pili. Hicho cha pili ndicho chenye kesi. Ganda likizidi sentimita mbili utalipa mkunjo mpana mahali, basi. Waya wa ndani ukipungua sentimita mbili, kidonge hakifiki kwenye leva hata ulegeze ajasta zote mbili (za kurekebishia waya, juu kwenye leva na chini kwenye injini). Ukizidi, ajasta zinaisha na klachi bado haikati, yaani haiachanishi injini na gia. Dukani waya za CG, Boxer na TVS zinaning'inia msumari mmoja, na kwa macho ni mapacha.

Jaribu pia kidonge cha juu kwenye tundu la leva kwa vidole tu. Ni kasilinda kenye kipenyo cha karibu mm 8. Kiingie bila kugongwa na kizunguke bila kulazimishwa. Kikibana, shida yako ya kukatika itaendelea, nadhani wengine hapa watalieleza hilo.

Sasa kufungua. Injini imepoa, pikipiki kwenye stendi kubwa, gia fri.

Vua mpira wa vumbi kwenye leva, legeza ringi ya kufungia, zungusha ajasta ya juu iingie ndani yote. Shuka kwenye injini. Kwenye CG kileva cha klachi kiko upande wa kulia, kwenye kava la klachi, na ganda limeshikwa na breketi kwa nati mbili, moja kila upande wa breketi. Nyingi zinakubali namba 12, nyingine 10. Usitumie plaizi hapo, zile nati ni nyembamba na zikishaliwa kona hutazirekebisha tena. Legeza, toa ganda kwenye breketi, chomoa kidonge cha chini. Kama kileva kina ulimi wa bati unaozuia kidonge kisitoke, ukunjue kidogo tu, kiasi cha kidonge kupita. Ule ulimi ukikunjwa na kukunjuliwa mara nne tano unakatika.

Kabla hujavuta waya wa zamani nje, piga picha njia yake yote kwa simu. Kisha funga uzi wa nailoni kwenye ncha ya juu ya ganda na uvutie chini. Waya unatoka, uzi unabaki umelala kwenye njia ile ile. Waya mpya utaupandisha na uzi huo huo. Watu wengi wanakosea hapa: wanaupitisha njia ya mkato mbele ya shingo ya usukani, halafu ukikata kona klachi inajibana yenyewe.

Kufunga: chini kwanza, juu mwisho. Kidonge cha chini kwenye kileva, ulimi uurudishe, ganda kwenye breketi, nati uzishike kwa vidole tu. Juu utaona mipasuo mitatu: kwenye ajasta, kwenye ringi yake na kwenye kishikio cha leva. Ilinganishe iwe mstari mmoja, tia kidonge kwenye leva, laza waya ndani ya mpasuo, ingiza ncha ya ganda kwenye ajasta. Ukimaliza, zungusha ajasta na ringi ili mipasuo isitazamane tena. Ukiacha inatazamana, siku leva ikiachiwa ghafla waya unaruka nje.

Kuhusu plei, wote wawili hawajakupa kipimo. CG inataka mm 10 hadi 20, na hizo zinapimwa kwenye ncha ya leva, pale kwenye kile kibonge cha mwisho. Shika rula, sukuma leva taratibu mpaka uhisi waya umeanza kuvuta kitu kizito, soma umbali uliotembea ncha. Kuna vitabu vinavyotaja mm 2 hadi 3. Hizo zinapimwa kwenye shina, uwazi kati ya leva na kishikio chake. Ni kitu kile kile kimepimwa sehemu mbili. Anayechukua mm 2 za shina akazipima kwenye ncha ndiye anayeishia kuchoma pleti, zile sahani za ndani ya klachi.

Kanuni ya kurekebisha ni moja kwa juu na chini: ganda likisogea mbali na kidonge, plei inapungua, likisogelea kidonge, plei inaongezeka. Fanya kazi kubwa chini kwenye breketi, ajasta ya juu iache karibu yote imeingia, itoke nyuzi mbili tatu tu. Hiyo ya juu ni ya kurekebishia barabarani kwa mkono, ukiimaliza leo kesho huna kitu.

Mwisho geuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, huku unapima plei. Isibadilike. Washa injini, rudia. Silensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) ikipanda wakati wa kugeuza, ujue umebana pia waya wa mafuta.

mzee_wa_karakana
Spana_kumi kamaliza habari ya kufunga. Mimi nijibu la kwa nini unakatika, kwa sababu bila hilo huo mpya nao una miezi yake mitatu.

Waya wa klachi haukatwi na nguvu ya mkono. Unakatwa na kukunjwa. Angalia leva inavyotembea: unapoibana inazunguka kwenye bolti yake, lakini waya unaendelea kuelekea upande ule ule, kwenye ajasta. Maana yake kidonge lazima kizunguke ndani ya tundu la leva kila unapobana na kila unapoachia. Kikiganda kwa vumbi au kutu, leva inazunguka nacho, na waya unakunjika pale unapotokea kwenye kidonge. Bodaboda ya mjini inabana klachi mara mamia kwa siku. Chukua waya wowote wa chuma uukunje hapo hapo mara mia kadhaa uone.

Chukua ile ncha iliyokatika uitazame juani. Nyuzi zikiwa zimekatika zote karibu mstari mmoja, ncha zinang'aa, hazina kutu, hapo ni kukunjwa. Kidonge hakizunguki au tundu limebana. Nyuzi za upande mmoja zikiwa zimesagika bapa kama zimepigwa tupa, kuna ukingo mkali: mara nyingi ni mdomo wa mpasuo wa leva au mdomo wa ajasta. Ncha zikiwa za kahawia na zinavunjika kwa kucha, ni maji, na hapo utakuta na waya wa ndani ni mgumu kuvuta kwenye ganda. Hizo pampu za kuoshea pikipiki zinasukuma maji na vumbi juu kwenye ajasta, na mpira wa vumbi ukiwa umepasuka hakuna cha kuzuia.

Kisha ikague leva yenyewe. Itoe: bolti yake ina nati chini, namba 10 kwa kawaida. Tundu la bolti likiwa limekuwa yai, leva inayumba juu chini na kidonge kinavutwa kwa upande. Ichezeshe kwa kidole kwenye ncha: ikipanda na kushuka zaidi ya milimita chache, leva imekwisha, nunua nyingine na bolti yake. Bolti peke yake kwenye tundu la yai ni kazi bure. Tundu la kidonge lisafishe kwa kitambaa na petroli kidogo, ukingo wa mpasuo upitishe msasa laini mpaka kucha isikwaruzike. Paka grisi kwenye kidonge na kwenye bolti, kiasi cha punje ya mchele, inatosha. Ukifunga bolti, ikaze hadi leva iache kuyumba lakini irudi yenyewe, halafu ndipo ufunge nati ya chini huku umezuia bolti na bisibisi isizunguke. Leva iliyokazwa kupita kiasi inamlazimu mtu kuisukuma irudi, na klachi inabaki imeshikiliwa nusu bila mwenyewe kujua.

bwana_grisi
Kwenye waya wa ndani mimi napendekeza grisi, oili inakauka haraka kwenye vumbi.

mzee_wa_karakana
Ndugu yangu, grisi kwenye kidonge ndiyo. Ndani ya ganda hapana. Grisi haifiki katikati, inabaki sentimita kumi za mwanzo, inashika vumbi na kugeuka udongo wa kusagia. Asubuhi ya baridi ndiyo inakuwa gundi kabisa.

Kwanza ajue ganda lake ni la aina gani. Achungulie mdomo wa ganda: akiona kimrija cha plastiki nyeupe ndani, ganda lina utando wa nailoni au teflon, na oili kidogo sana au hata bila oili linakwenda sawa. Likiwa ni springi tupu ya chuma, litataka oili nyepesi. Utaratibu ni huu: kata kona ya mfuko wa nailoni, ivishe kwenye mdomo wa ganda, funga kwa utepe iwe kama faneli, tundika waya wima, mimina oili ya injini kijiko kimoja cha chai. Sogeza waya wa ndani juu na chini. Uache mpaka oili ichungulie chini, inaweza kuchukua saa kadhaa, hivyo watu hulala nao umetundikwa. Futa ncha. Na zile dawa za kopo za kulegeza kutu ni nzuri kwa kusafisha, lakini zikiyeyuka haziachi cha maana, usizihesabu kama oili.

bwana_grisi
Sawa mzee, kidonge tu basi.

njiapanda_kilosa
Asanteni sana. Majibu: ncha za nyuzi zilikuwa zinang'aa, mstari mmoja. Tundu la bolti ya leva limekuwa yai kabisa, na ndani ya tundu la kidonge kulikuwa na udongo mgumu kama saruji. Leva na bolti zimebadilishwa, waya umefungwa, plei ni mm 15 kwenye ncha, usukani ukigeuzwa haibadiliki.

Sasa tatizo lingine. Klachi imebanwa yote, nikitia gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, "ko!", na kwenye stendi tairi la nyuma linazunguka. Klachi haikati?

spana_kumi
Tairi kuzunguka kwenye stendi peke yake si kosa. Klachi ya hizi pikipiki inaogelea kwenye oili, na oili ikiwa baridi inazivuta pleti hata zikiwa zimeachana. Ligusishe tairi soli ya kiatu kwa pembeni, mbali na spoki na cheni. Likisimama kirahisi, klachi inakata. Likikataa kusimama, au pikipiki ikiwa chini inataka kuondoka huku umebana leva yote, hapo haikati.

Kishindo cha gia ya kwanza tazama silensa kwanza. CG inataka karibu mizunguko 1,400 kwa dakika. Ikiwa imepandishwa ili injini isizime, gia itagonga hata klachi iwe mpya ya kiwandani.

Kama silensa iko sawa, muombe mtu abane leva wewe ukiwa umechuchumaa unatazama kileva cha chini. Angalia vitu viwili kwa pamoja. Kileva kinatembea wakati leva inatembea, au leva inakwenda nusu ya njia ndipo kileva kinaamka? Na ganda, je, linatulia au linajinyoosha na kupinda kama nyoka kila anapobana? Ganda la bei rahisi lina springi laini, linajikunja lenyewe na kumeza sehemu ya mwendo ambao ungefika kwenye klachi. Mm 15 zako ni sahihi kwa rula lakini kileva hakipati haki yake. Ganda la namna hiyo halina dawa. Lishikize kwenye vishikio vyake vyote vya fremu, punguza plei hadi mm 10, na likiendelea, tafuta waya mwingine.

njiapanda_kilosa
Kiatu kimelisimamisha tairi. Silensa ilikuwa juu, imeshushwa, kishindo kimepungua sana. Lakini ganda linapinda kweli pale mbele ya tenki, kama sentimita mbili hivi.

spana_kumi
Hapo kuna kishikio cha waya kwenye fremu hujakipitisha. Rudi kwenye picha yako.

dada_wa_spea
Naongeza la upande wa pili, maana hapa mmezungumzia klachi kutokata tu. Watu wengi wanaofunga waya mpya wanaogopa hilo, wanakaza mpaka plei inaisha. Pikipiki inaendesheka vizuri siku ya kwanza, gia zinaingia laini, mtu anafurahi. Kumbe kileva kiko kazini muda wote na springi za klachi hazizibani pleti kwa nguvu yake yote. Ukipanda mlima na mzigo, pleti zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Dalili ni hii: uko gia ya juu, mwendo mdogo, unavuta mafuta kwa ghafla, mlio unapanda lakini mwendo haupandi. Ukisikia hivyo, simama ulegeze ajasta ya juu hapo hapo, usisubiri kufika. Pleti zikishaungua, kurudisha plei hakuziponyi.

Mtu akija dukani na pleti zilizoungua muulizeni pia anatumia oili gani. Klachi inashirikiana oili na injini, karibu lita moja tu. Oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano inafanya pleti ziteleze hata waya uwe umepimwa kwa rula. Soma kopo, tafuta maandishi JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi inayoogelea kwenye oili. Na usijaze kupita alama ya juu ya kijiti.

Plei ipimeni tena baada ya siku mbili tatu za kazi. Waya mpya unakaa sawa kwenye ganda na plei inaongezeka kidogo, hilo ni la kawaida na linamalizwa na ajasta ya juu. Ikiendelea kuongezeka kila siku, vua mpira wa vumbi utazame kwenye kidonge: nyuzi zimeanza kukatika moja moja.

mkuranga125
Kwa kilomita 30 bila fundi, mimi ningekuwa na waya wa akiba, tena si kwenye boksi. Uupitishe kabisa sambamba na unaotumika, ncha zote mbili uzifunge utepe wa plastiki vizuri vumbi lisiingie. Ukikatika njiani unahamisha vidonge viwili tu, dakika kumi.

Swali: ukikatika na huna akiba, inawezekana kuendesha mpaka nyumbani?

mzee_wa_karakana
Inawezekana barabara ikiwa tupu na tambarare. Pasipo na watu wala magari, na bila abiria. Washa ikiwa fri. Isukume kwa miguu mpaka itembee mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kisha gonga gia ya kwanza huku silensa iko chini. Itastuka, lakini itaondoka. Kupandisha gia: weka shinikizo jepesi la mguu kwenye leva ya gia, achia mafuta ghafla, inaingia yenyewe. Isipoingia usiipige teke, rudisha mafuta kidogo ujaribu tena. Kusimama: rudisha fri kabla hujafika mahali pa kusimama, kwa sababu ukisimama na gia injini inazima, na ukiwa kwenye mteremko itakusukuma kwanza ndipo izime. Mjini usijaribu, isukume.

Na zile vidonge za kufunga kwa skrubu zinazouzwa kama dawa ya dharura, ukiwa nazo, kata ncha iliyochanika iwe safi, kaza skrubu mpaka waya ulalie bapa, acha milimita tano zitokeze nje. Inashika ya kukufikisha. Lakini waya wa ndani umeshafupika, kwa hiyo utalazimika kuingiza ajasta ya juu yote na pengine kulegeza nati za chini pia ili upate plei. Watu wanasahau hilo, wanafika nyumbani waya mzima, pleti zinanuka.

njiapanda_kilosa
Kishikio kimeonekana, kilikuwa nyuma ya honi. Ganda sasa limetulia, plei imerudi mm 12, nimeirudisha 15 kwa nati za chini. Wa akiba naununua Jumamosi, nitaupitisha hapo hapo.

dada_wa_spea
Ukienda kununua, beba ile ncha ya zamani yenye kidonge. Usimtajie muuzaji "wa 125", mwekee mezani.